Kichupa Kilichojaa

Kazi yangu ni kuhesabu vitu ambavyo mwenye navyo hajui kama anavyo. Niko maabara ya hospitali moja huku Kilifi, chumba cha tatu baada ya dirisha la dawa, na mezani pangu hupita damu, mikojo, choo, makohozi, na mara mojamoja maji ya uti wa mgongo. Jamaa zangu wa Malindi hawaniulizi habari za kazi wakati wa kula. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, huniita Bibi Mikojo, na nikienda na halua huniuliza kwanza kama nimenawa mikono.

Sichukii. Kazi hii niliipenda tangu mwanzo kwa sababu haina maneno mengi. Kichupa huja na karatasi, na karatasi ina nambari, umri, na kile daktari anachotaka kujua. Sura ya mtu siioni. Wenzangu hupenda kupitia wodini wakati wa chai wakamwone mtoto waliyempima asubuhi. Mimi hunywa chai yangu ukumbini, nikarudi kwenye hadubini. Mmoja wao aliwahi kuniambia kwamba nina moyo wa jiwe. Nikamjibu kwamba jiwe halikosei hesabu. Siku hiyo nilijiona nimesema jambo kubwa.

Maji ya uti wa mgongo ni kazi niliyokuwa nikiionea fahari. Daktari humlaza mtoto ubavu, humkunja, akaingiza sindano chini ya mgongo, na hutoka matone machache ya maji meupe ya kuangaza. Ni maji yaleyale yanayozunguka ubongo juu, kwa hiyo yanayotendeka kichwani husomeka huku chini. Kwa mtu mwenye afya, tone halina chembe nyeupe za damu ila moja mbili za kupita njia. Bakteria wakiingia, maji huchafuka kama ya kuoshea mchele, na ndani yake hujaa chembe ziitwazo nyutrofili, ambazo kiini chake kimekatikakatika. Kirusi kikiingia ni hadithi nyingine. Maji hubaki safi kabisa, ukiyatazama kwa macho utasema huyu hana kitu. Lakini chini ya kioo unazikuta limfosaiti, ndogo, za mviringo, kiini kimejaa karibu chembe nzima. Hizo hazikuzaliwa kichwani. Ubongo una chembe zake wenyewe za kulinda, na hizo ndizo huhisi kirusi mwanzo, zikatoa kemikali za kuita wenzao. Mishipa ya kichwani, ambayo siku zote hubana milango, hulegea, na limfosaiti huingia kutoka damuni.

Mabango ya afya ukutani husema chembe nyeupe ni askari wa mwili. Yameandikwa hivyo kila zahanati kutoka Kikambala mpaka huku, na picha ya chembe imevalishwa kofia na bunduki. Mimi hainiingii akilini. Kuna jambo nililoliona nikiwa na miaka minane ambalo hunifaa zaidi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilishika moto wa jiko, mchana, na siku hizo mtaa wetu wa Malindi ulikuwa bado una mapaa mengi ya makuti yaliyokaribiana. Watu walikuja mbio. Hawakwenda kwenye moto tu; wengine walipanda juu ya paa letu, ambalo halikuwa limeguswa hata na cheche, wakaanza kulibomoa kwa mapanga na mikono ili moto usipate pa kupita. Kaka yangu, wakati huo ana miaka kumi na minane, alikuwa mmoja wao. Alitupa chini makuti ya nyumba yetu wenyewe huku mama akimpigia kelele. Boriti ilianguka ikavunja kabati la vyombo. Moto ulizimwa kabla haujafika kwetu, na sisi tulihamia kwa jirani majuma mawili, hatukuungua hata ukuti mmoja.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa kazi ya limfosaiti kichwani. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa, hauna pa kuvimbia. Chembe zikija kwa wingi, uvimbe huja nazo, na haziui kirusi peke yake. Huua na chembe ya ubongo ambayo kirusi kimejificha ndani yake. Zisipokuja, kirusi hula kila kitu. Zikija, kabati huvunjika.

Kaka yangu huyo ni seremala. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia shule kwa vitanda na milango, na mimi simwiti jina mpaka leo. Nikimwona humwamkia shikamoo, nikangoja aniulize hali ndipo niseme jingine. Nina mvi, nina watu chini yangu kazini, lakini mbele yake huwa mtoto wa darasa la pili. Nalieleza hili kwa sababu lina sehemu yake katika yaliyotokea.

Binti yake wa mwisho alikuwa na miaka saba. Alikuwa mtoto wa maneno, wa kuuliza kwa nini mpaka mtu mzima akimbilie jikoni. Chuoni alikuwa amehifadhi sura nyingi za Kurani kuliko wenzake na hakuficha. Aliniambia siku moja kwamba mimi nahesabu vitu vidogo kwa kuwa vikubwa siviwezi, na nilicheka, kwa sababu nilimpenda kuliko nilivyoonyesha.

Asubuhi ya Jumatatu wifi alinipigia simu. Mtoto alikuwa na homa tangu Ijumaa, hilo nilikuwa nalijua. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi, huyu mwana hanijui," alisema. "Yuwanita shangazi. Yuwanambia, 'Shangazi, mamangu yuko wapi?' Nami niko hapa, nimemshika mkono."

Nikamwuliza kama amepatwa na degedege. Akasema mara mbili, upande mmoja wa mwili. Nikamwambia asingoje kitu. Kabla ya saa sita gari la wagonjwa lilikuwa limemleta kwetu kutoka Malindi.

Malaria hakuwa nayo. Kile kipimo nilikifanya mimi. Daktari wa watoto, mwanamke wa bara, mwepesi wa mwendo na wa maamuzi, aliagiza antibiotiki na dawa ya virusi ya mshipani palepale, hii ya virusi kila baada ya saa nane, akasema ataendelea na zote mbili mpaka maji ya mgongo yamwambie iliyo ya haki. Ile dawa ya virusi ilikuwa chache dirishani. Wodini kulikuwa na mtoto mwingine, kutoka Marafa, aliyekuwa akiitumia hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipohitajika. Kwetu pwani watu wameambiana kwamba sindano ya mgongo hupoozesha, au kwamba mtoto akichomwa leo, kesho hayupo. Wanaosema hivyo si wajinga. Huwaona watoto waliochomwa wakifa, na hawamwoni yule ambaye angekufa hata bila ya kuchomwa. Wifi alikuwa amekataa. Kaka alikuwa amekaa nje ya wodi, kofia yake magotini.

"Wasema haimpoozeshi?" aliniuliza.

"Haimpoozeshi, kaka. Hupita chini kabisa, pale ambapo uti wenyewe umeshakwisha."

"Na hayo maji hupelekwa wapi?"

"Huja kwangu. Ntayahesabu mwenyewe."

Akafikiri. "Basi. Yakiwa yaja kwako, hayakwenda mbali." Akainuka akaenda kumwambia mkewe.

Nilirudi mezani. Maji yalitolewa baada ya adhuhuri. Kanuni yasema kichupa kiletwe na mhudumu wa wodi, lakini wahudumu ni wawili na wodi ni tano, na mazoea yetu ni kumkabidhi jamaa wa mgonjwa, tukamwambia afanye haraka. Muuguzi alimkabidhi kaka yangu.

Aliingia maabara akiwa amekishika kwa mikono miwili. Nilivaa glavu nikakipokea, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kimejaa. Maji ya mtoto wa miaka saba huwa robo ya kichupa, nikipata thuluthi hushukuru. Hiki kilikaribia kifuniko. Nakumbuka nilikiinua kwenye mwanga. Yalikuwa safi, yanang'aa. Nilimtazama kaka, naye alinitazama kwa utulivu ambao sikuuona tangu wafike, na swali lilinifika mdomoni. Nikaliona kama kumdadisi. Mtu aliyenisomesha, mwanawe hamjui mama yake, nami nimwulize umekifanyia nini hiki? Nikajiambia daktari ametoa mengi leo. Nikasema, "Shukrani, kaka," naye akaenda.

Nilitia tone katika kioo cha kuhesabia, kile chenye mistari ya miraba, nikaanza. Mraba wa kwanza mtupu, wa pili mtupu. Niliimaliza yote. Palikuwa na vivuli viwili vitatu visivyo na umbo, kingo zimechanika, na kazi yetu hufunza kwamba kitu kisicho na kiini hakihesabiwi. Nikaviita uchafu. Nikatia tone jingine, ikawa vilevile. Mashine ya kupima sukari na protini ilikuwa yangoja fundi kutoka Mombasa, kwa hiyo hakukuwa na kitu kingine cha kunigutusha. Nikaandika: chembe nyeupe, sufuri. Niliandika kwa raha, na hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote. Sufuri maana yake hakuna kirusi, hakuna paa linalobomolewa.

Daktari alisoma sufuri yangu akafanya kile ambacho sufuri husema. Alisimamisha dawa ya virusi, na chupa zilizobaki zikapelekwa kitanda cha mtoto wa Marafa, ambaye hesabu yake ilikuwa wazi. Akaanza kutafuta sababu nyingine ya degedege. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea wifi habari. Alinikumbatia, glavu na yote, wala hakuniuliza kama nimenawa.

Jumanne mtoto hakuamka vizuri. Akiguswa alifungua macho, yakapita juu ya watu, yakafumba. Baada ya chakula cha mchana alipatwa na degedege tena, refu kuliko yale ya nyumbani. Homa ikarudi juu. Daktari alikuja mpaka dirishani kwangu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi, akauliza, "Una uhakika na ile hesabu?" Nikasema nina uhakika. Nilisema upesi mno, na alipoondoka nilikaa nikitazama mikono yangu.

Alasiri nilikwenda wodini. Wifi alikuwa ametoka kufua. Kaka alikuwa amekaa kitandani, na kwenye kabati dogo la pembeni palikuwa na chupa kubwa ya maji, ya kunywa, imebaki nusu. Alichovya pamba akampaka mtoto midomoni.

"Maji gani hayo, kaka?"

"Ya kusomewa. Mwalimu alitufuata jana kwa basi." Mwalimu huyo ndiye aliyetufunza chuoni, mimi na yeye, na sasa ni mzee wa kushikwa mkono. "Alikaa pale viti vya wageni, akanisomea chupa nzima." Kisha akaongeza, akiwa ametulia kabisa, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema: "Hata yale yake ya mgongoni yalipata. Nliona yale waliyotoa ni madogo, yamekaa chini tu, kama masihara. Nikayazidisha kwa haya kidogo. Nkasema, yakifika kwako yafike na baraka."

Mwalimu mwenyewe hakuwa na habari. Yeye alisomea maji ya kunywa, kama walivyosomea walimu wote kabla yake, na maji ya kusomewa hapa kwetu huzidishwa hivyohivyo: yakipungua huongezwa mengine, na baraka haipungui. Mimi mwenyewe nimeyanywa tangu utotoni. Kaka alifanya kile ambacho kila mtu wa mtaani kwetu angefanya na maji machache yenye thamani.

Ila chembe nyeupe huishi katika maji yenye chumvi yake, kwa kipimo. Ukiitia katika maji matupu huyanywa, ikavimba, ikapasuka. Haichukui muda mrefu. Vile vivuli vyangu vilivyochanika kingo havikuwa uchafu.

Nilimchukia kaka yangu. Nalisema wazi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Kutoka pale kitandani mpaka mlango wa wodi, hatua labda ishirini, nilimchukia kwa chuki safi kabisa. Nilipofika mlangoni nilikikumbuka kile kichupa kwenye mwanga, kimejaa mpaka shingoni, na lile swali nililolimeza. Hapo sikuwa na wa kumchukia ila mmoja.

Nilimkuta daktari ofisini. Nikamwambia sampuli iliharibika kabla haijanifikia.

"Iliharibikaje?"

"Ilitiwa maji."

Alinitazama. "Na wewe haukuona?"

"Niliona imejaa."

"Uliona imejaa na ukaandika sufuri."

"Ndiyo, daktari."

Hakupandisha sauti, na ningependa angeipandisha. Alichukua simu akaagiza dawa ya virusi irudishwe mara moja. Dirishani hazikuwapo. Zilipatikana Malindi, zikaja na gari la wagonjwa, na chupa ya kwanza ilipotundikwa jua lilikuwa linashuka. Nimehesabu muda huo mara nyingi. Ni zaidi ya siku moja, dozi tatu hazikutolewa. Yule mtoto wa Marafa, kwa upande wake, alizipata zote, na alitoka hospitali akitembea. Siwezi kusikitika kwa hilo, na sisikitiki.

Maji yalihitajika mara ya pili, ili daktari ajue anapigana na nini na kwa siku ngapi. Nilimwita kaka nje, tukasimama kando ya bomba la kunawia. Nilimweleza kwa maneno ya shuleni, chumvi na maji na kupasuka. Sikumlaumu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo nlizimwaga," alisema.

"Hukuzimwaga, kaka. Zilipasuka."

"Ni mamoja." Akafungua bomba, akalifunga. Alikuwa ametazama chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele yangu. "Nawe hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Mamake asijue."

"Hatajua," nilisema, na nilifarijika kwamba ameomba, kwa sababu siri hiyo ilinifunika na mimi.

Wifi tulimwambia kwamba kipimo cha kwanza hakikushika. Alikubali sindano ya pili bila neno. Alikuwa amechoka kupita kiasi cha kukataa. Asubuhi ya Jumatano nilisimama kando ya kitanda wakati maji yanatolewa. Nilimwona mpwa wangu uti wake umetokeza, mdogo, mgongo wote haufiki upana wa viganja vyangu viwili, na nikajua kwa nini miaka yote sikutaka kupitia wodini. Nilikipokea kichupa kutoka mkono wa daktari. Yalikuwa robo.

Kaka alinifuata mpaka nje ya maabara, akasimama dirishani. Akauliza kama yafaa asome akiwa pale, asiguse kitu. Nikafungua vioo vya dirisha. Akasoma kwa sauti ya chini, sura zilezile ambazo binti yake alikuwa akituchosha nazo sebuleni, na mimi nikaanza kuhesabu, kidole kwenye kibonyezo cha kuhesabia.

Zilikuwapo katika mraba wa kwanza, na wa pili, na kila mraba uliofuata. Mia moja na arobaini, karibu zote limfosaiti, za mviringo, nzima, kana kwamba zimeoshwa. Chembe nzuri kweli, kama mtu hajui zimetoka wapi. Nilihesabu mara tatu ili niwe na uhakika, na mara zote tatu machozi yalikuwa yakiniharibia kazi. Sehemu ya maji hayo ikapelekwa Nairobi, nako wakathibitisha: kirusi, tena kile cha kawaida kabisa, ambacho kwa wengi wetu huishia kutoa malengelenge mdomoni. Kwa nini kwa huyu kilipanda kichwani, hakuna aliyetuambia.

Alitibiwa majuma matatu. Aliamka juma la pili, akaomba uji. Akamwita mamake mama.

Nilimwuliza daktari siku ya kuruhusiwa, kwa kuwa lazima mtu aulize, kama ile siku iliyopotea ilibadili kitu. Alisema haiwezekani kujua. Alisema wengine hupata dawa saa ya kwanza na wakabaki na athari, na wengine huchelewa wakapona. Nilimshukuru. Aliyoyasema ni kweli, nami nimeyasoma vitabuni vilevile, na hayakunisaidia.

Sasa ana miaka tisa. Sura zote alizohifadhi kabla ya homa anazo, neno kwa neno, na anajua nyimbo, na anajua kusuka nywele za mwanasesere. Yanayokuja sasa ndiyo hayakai. Akitumwa dukani hufika akasimama, hajui ametumwa nini, kwa hiyo wifi humpa pakiti tupu ya sukari au ya majani ya chai amwonyeshe mwenye duka. Mwalimu wake wa sasa amemfunza sura moja fupi tangu mwaka jana, na kila asubuhi huianza upya. Hana huzuni. Huzuni ni ya wanaokumbuka.

Ijumaa nisipokuwa zamu huenda Malindi kula nao. Baada ya chakula yeye hukaa karibu yangu mkekani, akaniuliza, kila Ijumaa, kwa uso uleule wa kutaka kujua: "Shangazi, wewe wafanya kazi gani?"

Humwambia nahesabu vitu vidogo vilivyo katika damu na maji ya watu.

"Na vyangu ushavihesabu?"

"Nimevihesabu."

"Vilikuwa vingapi?"

"Mia moja na arobaini."

Hufurahi. Huona ni vingi. Hukimbia kumwambia mamake jikoni, na akifika huwa ameshasahau idadi, hurudi kuuliza. Tulikwenda hivyo miezi mingi, na kaka akiwa amekaa mlangoni, kofia magotini, akisikiliza.

Ijumaa moja aliongeza swali. Sijui lilitoka wapi. Labda ni yule mtoto wa kwa nini, kabakia mahali fulani. Wifi alikuwa amekaa nasi, anakunja nguo.

"Ulivihesabu mara ngapi?"

Sikupata uongo wa haraka. "Mara mbili."

"Na mara ya kwanza vilikuwa vingapi?"

Kaka akakohoa. "Mara ya kwanza," alisema, akimwambia mtoto lakini akimtazama mkewe, "babako alivitia maji, vikapasuka. Ya kusomewa. Sikujua."

"Nami niliona kichupa kimejaa," nilisema. "Sikuuliza. Nikaandika hakuna kitu."

Mtoto alitutazama mmoja mmoja. Wifi aliweka chini kanga aliyokuwa akiikunja. Aliuliza jambo moja tu: dawa ilisimamishwa kwa ajili hiyo? Nikasema ndiyo. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na mtoto akasema mama amechukuliwa na usingizi.

Ijumaa tatu sikwenda. Kaka hakupiga simu, na mimi sikupiga. Juma la nne wifi alinitumia ujumbe, neno moja: njoo. Nikanunua halua. Alinifungulia mlango, akaipokea, hakunitania, tukala. Baada ya chakula mtoto akaja akakaa mkekani.

"Shangazi, wewe wafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Akauliza kama vyake nimeshavihesabu, akauliza vilikuwa vingapi. Nilifungua mdomo kusema mia moja na arobaini, na wifi, ambaye alikuwa ameketi mbele yangu, mikono mapajani, akasema: "Mwambie zote mbili."

Nikamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akingoja tu.

"Ndiyo, zote," alisema. "Kila ukija. Yeye hatazikumbuka. Ziseme, sote tusikie."

Basi huzisema. Mara ya kwanza sufuri, mara ya pili mia moja na arobaini. Mtoto huuliza kwa nini ya kwanza ni sufuri, na kaka humjibu, na mimi humjibu, kila mmoja sehemu yake. Kisha wifi hutia chai.